Toleo jipya la WordPress limeingia, plagini zimegoma: tatizo liko wapi hasa?

Septemba 2007 WordPress, programu ya kujengea tovuti na blogu, ilitoa toleo la 2.3, na toleo hilo likafuta majedwali matatu ya hifadhidata. La kwanza, wp_categories, lilitunza majina ya makundi ya makala. La pili lilionyesha makala ipi iko kundi lipi, na la tatu lilifanya kazi hiyohiyo kwa viungo. Mahali pake pakaja majedwali mengine matatu, wp_terms na wenzake wawili, yenye uwezo wa kubeba makundi na lebo kwa pamoja. Wenye blogu walinufaika: lebo, ambazo awali ulihitaji plagini (programu ndogo ya kuiongezea WordPress uwezo) ili uzipate, sasa zilikuwa sehemu ya programu yenyewe, na waliokuwa wakitumia plagini ya Ultimate Tag Warrior walipewa njia ya kuhamisha lebo zao. Ila plagini chungu nzima zilikuwa zimezoea kuingia moja kwa moja kwenye majedwali ya zamani na kuchota zilichotaka. Zilipoyaendea baada ya toleo jipya, hayakuwepo.

Naanza na kisa hicho cha kale kwa sababu migogoro mingi ya plagini iliyofuata inafanana nacho. Tovuti ikigoma baada ya toleo kubwa, mwenye tovuti husema WordPress imemharibia kazi, na fundi wake husema plagini ni mbovu. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Plagini ilitegemea kitu ambacho WordPress haikuwahi kuahidi kukitunza, na siku kitu hicho kilipobadilishwa, plagini ikabaki inaning'inia. Ukishajua ilitegemea nini, unajua pia pa kuanzia kutafuta, na hutakesha ukizima na kuwasha kila kitu kwa kubahatisha.

Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2004, WordPress ina utaratibu rasmi wa kuzipa plagini nafasi. Katika sehemu nyingi za msimbo wake, kwa mfano makala inapochapishwa, ukurasa unapojengwa, au mtu anapoingia kwa nenosiri lake, inasimama na kuuliza: kuna plagini yoyote yenye la kufanya hapa? Sehemu hizo huitwa ndoano. Nyingine huiruhusu plagini kutenda jambo, tuseme kutuma barua pepe kila makala mpya ikitoka. Nyingine huiruhusu kubadilisha kitu kabla hakijamfikia msomaji, kama kuongeza vitufe vya WhatsApp chini ya kila makala. Ndoano hizi ni kama soketi katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha waya zote zilizomo ukutani na pasi yako ikaendelea kupata moto, alimradi soketi imebaki mahali pake. Lakini mpangaji aliyetoboa ukuta akajiunganishia kwenye waya wenyewe, naye taa yake inawaka vizuri tu, hata kwa miaka. Siku fundi wa umeme atakapokuja ndipo atakapojua alichofanya.

Watengenezaji wa WordPress wana sifa ya kubeba msimbo wa zamani mwaka hadi mwaka ili ndoano zisikatike, na wako wanaowalaumu kwa hilo. Kwa hiyo plagini inayofuata utaratibu kwa kawaida huvuka toleo kubwa bila mkwaruzo. Taabu ni kwamba plagini haisimami juu ya WordPress peke yake. Inasimama pia juu ya PHP iliyoko kwenye seva, juu ya maktaba za JavaScript zinazofanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji, juu ya muundo wa hifadhidata, na wakati mwingine juu ya plagini nyingine. Kila kimoja kina ratiba yake ya kubadilika.

Tuchukue PHP kwanza, maana ndiyo inayosingiziwa kidogo na kuua zaidi. WordPress na plagini zake zimeandikwa kwa lugha hii, na toleo lake huamuliwa kwenye seva, yaani na kampuni unayoilipa kukuhifadhia tovuti au na wewe mwenyewe ndani ya cPanel, ukurasa wa kusimamia seva yako. WordPress imekuwa ikipandisha kiwango cha chini inachokubali: toleo la 5.2 la Mei 2019 lilidai PHP 5.6, la 6.3 la Agosti 2023 likadai 7.0, na la 6.6 la Julai 2024 likadai 7.2. Sasa tazama yanayotokea. Mtu anaona onyo kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa msimamizi wa tovuti, kwamba PHP yake imezeeka. Anaingia cPanel, anachagua namba ya juu kabisa kwenye orodha, anarudi na kusasisha WordPress siku hiyohiyo. Ukurasa unakuwa mweupe. Lawama zote anazibeba WordPress, ilhali aliyeua ni PHP 8, ambayo tangu ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa imeondoa kabisa baadhi ya vitu vilivyotumiwa sana na plagini za zamani, create_function na each vikiwemo. Plagini iliyoandikwa mwaka 2011 na kutoguswa tena haina namna ya kuvuka hapo. Ushauri wangu ni mmoja na siupunguzi: usibadilishe PHP na WordPress siku moja. Acha zipishane wiki nzima ili kosa likitokea ujue limetoka wapi.

JavaScript huvunjika kwa namna nyingine, na pengine mbaya zaidi, kwa sababu tovuti inaonekana nzima. Kwa miaka mingi WordPress ilikuja na maktaba ya jQuery ya toleo la zamani pamoja na faili dogo la kuisaidia, jQuery Migrate, lililofanya amri zilizokwisha kufutwa ziendelee kueleweka. Toleo la 5.5, lililotoka Agosti 11, 2020, liliacha kulipakia faili hilo. Ghafla picha za kupokezana zikasimama, menyu za simu zikagoma kufunguka, fomu za mawasiliano zikabofywa bila kujibu. Hakukuwa na ujumbe wa kosa wala ukurasa mweupe. Wengi hawakujua mpaka msomaji alipolalamika. Timu ya WordPress yenyewe ilitoa plagini ya muda, Enable jQuery Migrate Helper, ya kurudisha faili lile. Desemba mwaka huohuo, toleo la 5.6 likaleta jQuery mpya kabisa, na waliodhani wamepona wakaanza upya.

Kihariri cha vipande, yaani ukurasa mpya wa kuandikia makala, kilicholetwa na toleo la 5.0 mnamo Desemba 6, 2018 nakipita haraka, kwani kilishazungumzwa mno. Kilibadilisha ukurasa ambao plagini nyingi zilikuwa zimepachika visanduku vyao, na plagini ya Classic Editor inayorudisha kihariri cha zamani ikapata watumiaji wa mamilioni. Wapo wanaoitumia hadi leo bila shida.

Ukiyaweka haya pamoja, dalili zenyewe zinaanza kuzungumza. Ukurasa mweupe, au ule ujumbe wa Kiingereza usemao kuna "critical error", ni PHP: msimbo umefia kwenye seva kabla haujafika kwa msomaji. Ukurasa unaofunguka lakini vitufe vyake vimekufa ni JavaScript, na jibu liko kwenye kivinjari chako, ukifungua sehemu ya zana za wasanidi na kusoma mistari myekundu. Habari zilizopotea, kama makala bila makundi au oda zisizoonekana, zinaelekeza kwenye hifadhidata. Na tovuti iliyovurugika sura tu, maandishi yamepandana na nembo imekuwa kubwa kama mlango, mara nyingi haina kosa lolote: kivinjari, plagini ya kache (nakala za muda za kurasa) au huduma ya kache kama Cloudflare bado inatoa faili za mtindo za zamani juu ya ukurasa mpya. Futa kache zote kabla hujaanza kulia. Ninashangaa ni watu wangapi hurudisha tovuti nzima kwenye hali ya jana kwa sababu ya kache.

Hata neno "toleo kubwa" huwachanganya watu. Kwenye programu nyingi, kutoka 6 kwenda 7 ndiyo hatua kubwa, na kutoka 6.3 kwenda 6.4 ni marekebisho. WordPress haihesabu hivyo. Kwao 6.3 na 6.4 ni matoleo makubwa mawili tofauti, sawasawa na 3.9 na 4.0. Marekebisho madogo ni namba ya tatu, kama 6.4.1, na hayo tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013 hujisakinisha yenyewe. Kuanzia 5.6, tovuti mpya zinazosakinishwa huwa zimewekwa zijisasishe hata kwa matoleo makubwa, mwenyewe asipozima. Ndiyo maana kuna mtu anayeapa hajagusa kitu, na kweli hajagusa, lakini tovuti yake imeamka na toleo jingine.

Je, ungoje? Kwa blogu ya maandishi sioni sababu ya kungoja sana. Kwa duka, subiri toleo la kwanza la marekebisho. Toleo la 6.4 lilitoka Novemba 2023, na ndani ya wiki hiyohiyo 6.4.1 ikafuata, kwa sababu kwenye baadhi ya seva tovuti zilishindwa kuwasiliana na nje, hata kupakua masasisho yenyewe. Aliyengoja siku chache hakuliona tatizo hilo kabisa. Marekebisho ya usalama, yaani namba ya tatu, hayo hayangojwi.

Sasa kazi yenyewe. Bekapu inatangulia, na ina sehemu mbili: faili na hifadhidata. Watu huogopa kuipakua kwa sababu ya bando, na hofu hiyo ina dawa. Kilicho kizito kwenye tovuti nyingi ni picha, zilizomo kwenye folda ya uploads, na masasisho ya WordPress hayaigusi folda hiyo. Bando likiwa dogo, pakua hifadhidata iliyobanwa, ambayo kwa blogu ya maandishi huwa nyepesi kuliko video moja ya WhatsApp, kisha folda za plagini na mandhari, yaani faili za sura ya tovuti. Bekapu iliyobaki kwenye seva ileile ni bora kuliko kukosa, lakini seva ikifa inakufa nayo.

Kisha sasisha plagini kabla ya WordPress. Wengine hufundisha kinyume, na najua sababu yao, ila mimi nasimama hapa. Mtunzi wa plagini aliye hai hupata matoleo ya majaribio ya WordPress wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka. Hurekebisha plagini yake mapema, na plagini mpya kwa kawaida hufanya kazi kwenye WordPress ya jana na ya leo. Plagini ya zamani juu ya WordPress mpya ndiyo ndoa ambayo hakuna aliyeijaribu. Plagini ikihitaji WordPress mpya zaidi, dashibodi yenyewe itakataa kuisakinisha na kukwambia sababu. Hiyo iache hadi zamu yake. Baada ya WordPress, rudi kwenye ukurasa wa plagini, na urudi tena baada ya siku mbili tatu, kwa sababu wapo watunzi wanaosubiri malalamiko ndipo watoe dawa.

Usichague zote na kubofya mara moja. Seva za bei nafuu zina kikomo cha muda wa kila kazi, na plagini ishirini kwa mkupuo zinaweza kukatishwa katikati. Zaidi ya hapo, ukisasisha zote na tovuti ikaanguka, una washukiwa ishirini. Nenda moja moja, au mbili tatu, na kila mara fungua tovuti kwenye dirisha la faragha kama mgeni asiyeingia kwa nenosiri. Plagini zenye uhusiano wa mzazi na mtoto, yaani moja haifanyi kazi bila nyingine, zitazame kwa pamoja. Tangu toleo la 6.5 la Aprili 2024 mtoto anaweza kutangaza kwamba anamhitaji mzazi fulani, lakini hutaja jina tu, hataji toleo la mzazi, kwa hiyo tangazo hilo halikukingi na mzazi aliyebadilika tabia.

Kuna mstari kwenye ukurasa wa kila plagini usemao imejaribiwa hadi WordPress ya namba fulani. Watu huuamini kama muhuri wa serikali. Mstari huo huandikwa na mtunzi mwenyewe ndani ya faili la readme.txt, na anaweza kubadilisha namba bila kujaribu chochote. Kinyume chake pia ni kweli: plagini ndogo, safi, inayotumia ndoano mbili tu, inaweza kuwa na namba ya miaka mitatu iliyopita na isiwe na tatizo hata moja. Ninachokitazama mimi ni tarehe ya sasisho la mwisho na kama mtunzi bado anajibu maswali ya watumiaji.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo naliona ndilo hatari kuliko yote, na halitoi kelele. Ukurasa wa masasisho ukisema kila kitu ni cha kisasa, maana yake ni kwamba hakuna sasisho jipya lililopatikana. Haimaanishi plagini zako ni salama. Mtunzi anaweza kuwa aliacha kazi miaka mitano iliyopita. Plagini inaweza kuwa imefungwa na kuondolewa kwenye orodha rasmi kwa tundu la usalama, na dashibodi kwa kawaida haikwambii. Hukaa hapo imewashwa, kimya. Inaweza kuwa ya kulipia na leseni yako iliisha, hivyo haipokei chochote.

Au ilikuja ndani ya mandhari uliyonunua. Hilo lina historia chungu. Mwaka 2014 tundu kubwa liligunduliwa kwenye Slider Revolution, plagini ya picha za kupokezana iliyouzwa peke yake lakini pia ikapachikwa ndani ya mandhari nyingi za kulipia. Walioinunua peke yake walipata toleo lililozibwa. Walioipata ndani ya mandhari walitegemea mwuza mandhari awaletee, na wengi wao hawakujua hata kama wanayo. Desemba mwaka huo programu hasidi iliyoitwa SoakSoak ilipita humo, na Google ikaweka alama ya hatari kwenye vikoa zaidi ya 11,000. Fungua folda ya mandhari yako siku moja uone kilichomo.

Upande wa pili, sasisho lenyewe linaweza kuwa sumu. Display Widgets ilikuwa plagini ya kawaida kabisa yenye watumiaji wapatao 200,000. Mwaka 2017 iliuzwa, na mmiliki mpya akatoa masasisho yaliyoingiza msimbo wa kuchapisha matangazo ya siri kwenye tovuti za watu. Iliondolewa kwenye orodha rasmi zaidi ya mara moja kabla ya kufungiwa moja kwa moja. Visa vya namna hii ni vichache, na havitoshi kuwa sababu ya kuacha kusasisha. Vinatosha kuwa sababu ya kusoma maelezo ya mabadiliko pale plagini iliyolala muda mrefu inapoamka ghafla. Kuhusu plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram, zilizokwisha kuvunjwa leseni, sina la kuongeza: hazisasishiki, na aliyezivunja hakufanya hivyo kwa huruma.

Tovuti ikishaanguka, tangu toleo la 5.2 WordPress hujaribu kukuokoa. Ikigundua kosa la PHP hutuma barua pepe yenye kiungo maalumu cha kuingia kwenye dashibodi huku plagini mkosaji ikiwa imesimamishwa kwa ajili yako tu. Ni msaada mzuri kweli, lakini barua hiyo huenda kwa anwani iliyosajiliwa kama ya msimamizi, na kwenye tovuti nyingi za huku kwetu anwani hiyo ni ya kijana aliyejenga tovuti na kuhamia kazi nyingine. Angalia anwani hiyo leo, kabla hujaihitaji, na uhakikishe seva yako kweli inatuma barua.

Barua isipofika, ingia kwenye faili kupitia cPanel au FTP (njia ya kuhamisha faili kwenda na kutoka kwenye seva), nenda wp-content, kisha plugins, na ubadilishe jina la folda ya plagini unayoishuku. WordPress ikikosa folda huizima plagini hiyo, na mipangilio yake yote inabaki salama kwenye hifadhidata. Kama huna mshukiwa, badilisha jina la folda ya plugins nzima, fungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi ili zote zizimwe, rudisha jina, kisha uwashe moja moja. Kabla ya yote hayo, lakini, ni vyema kuuliza kosa lenyewe. Ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, na uweke WP_DEBUG_DISPLAY kuwa false ili wageni wasione matumbo ya tovuti yako. Makosa yatajiandika kwenye faili la debug.log, na mstari wenye maneno "Fatal error" utataja njia ya faili, ikiwemo jina la folda ya plagini. Mara nyingi huyo ndiye mkosaji. Mara chache ni mhanga wa jirani.

Kwenye faili hilo utakuta pia maonyo mengi yasiyoua. Toleo la 6.7 la Novemba 2024 lilizua malalamiko ya aina hii: plagini zilizopakia tafsiri zao mapema kuliko inavyotakiwa zilianza kujaza kumbukumbu kwa onyo refu lenye jina _load_textdomain_just_in_time. Watu walidhani tovuti zao zinakufa. Lilikuwa onyo tu, la kuwafanya watunzi wapange upya mambo yao. Tafuta "Fatal", mengine yasome ukipata nafasi.

Na ule ujumbe kwamba tovuti haipatikani kwa muda mfupi kwa sababu ya matengenezo? Wakati wa kusasisha, WordPress huandika faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, na hulifuta ikimaliza. Kazi ikikatika, faili hubaki. WordPress hulipuuza baada ya dakika kumi, au unaweza kulifuta mwenyewe. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo hulioni mpaka uruhusu faili zilizofichwa zionekane. Kisha isakinishe upya ile plagini iliyokatishwa, maana huenda iko nusu.

Matoleo ya karibuni yamepunguza ajali hizi. Tangu 6.3, sasisho la plagini likishindwa kusakinika hurudishwa lile la awali, na tangu 6.6 hata masasisho ya kujiendesha hukaguliwa na kurudishwa yakileta kosa la PHP. Mashine hiyo, hata hivyo, haioni kitufe kilichokufa, wala haijui kama fomu yako ya oda inafika kwako.

Tena, kurudisha faili hakurudishi hifadhidata. Plagini kubwa hubadilisha majedwali yake zinaposasishwa, na WooCommerce, plagini ya kuendeshea duka, hukuomba kabisa ruhusa ya kusasisha hifadhidata baada ya faili zake kubadilika. Ukikubali, kisha ukaamua kurudi toleo la zamani, utakuwa na msimbo wa zamani unaosoma majedwali mapya. Njia pekee ya kurudi ni bekapu ya hifadhidata, na ukiirudisha, oda zote zilizoingia tangu uliposasisha zinapotea. Kwa duka lenye wateja, basi, dirisha la kubadili mawazo ni fupi mno, na ndiyo maana sasisho hujaribiwa kwanza kwenye nakala ya tovuti.

WooCommerce ndiyo inayokirudia kisa cha 2007 karibu neno kwa neno. Kwa miaka mingi oda zilihifadhiwa kwenye jedwali lilelile la makala za blogu, wp_posts. Kuanzia toleo la 8.2 la Oktoba 2023, maduka mapya huhifadhi oda kwenye majedwali yake maalumu. Ya zamani hubaki yalivyo hadi mwenyewe ahamishe. Plagini iliyoomba oda kupitia njia rasmi za WooCommerce haikuona tofauti. Iliyozoea kuchota kutoka wp_posts inakuta patupu. Waathirika hasa ni plagini ndogo: za ankara, za usafirishaji, na kwa maduka ya Kenya na Tanzania, za malipo ya simu zilizoandikwa na fundi mmoja na hazina wa kuzitunza. Kabla ya kuhamisha, angalia kwenye mipangilio ya WooCommerce kama inaitaja plagini yako ya malipo miongoni mwa zisizoafikiana.

Jaribio la duka baada ya sasisho ni kununua kweli. Weka bidhaa ya shilingi kumi, lipa kwa simu yako. Kwa M-Pesa ya Kenya, ombi la PIN linalotokea kwenye simu ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni pale mfumo wa Safaricom unapoita anwani maalumu kwenye tovuti yako kuieleza kwamba malipo yamekamilika au yameshindikana. Nusu ya kwanza inaweza kufanya kazi kikamilifu huku ya pili imezibwa, na mteja akabaki na ujumbe wa kukatwa pesa ilhali dashibodi yako inasema oda inasubiri malipo. Ukikuta hali hiyo, usikimbilie kuilaumu plagini ya malipo. Zima kwanza ile ya usalama uliyoisasisha pamoja nayo na ununue tena, kwa sababu kwa plagini ya usalama, seva ngeni inayogonga anwani isiyo na ukurasa inafanana sana na mdukuzi.